Wadhamini walikata maneno, hadithi ikapita: Rod Serling na kinaya cha The Twilight Zone

Tarehe 16 Aprili 1959, kituo cha televisheni cha CBS nchini Marekani kilirusha tamthilia kuhusu kesi ya Nuremberg, ile ambayo majaji wa utawala wa Wanazi walipandishwa wao wenyewe kizimbani. Sasa, hadithi ya Wanazi huwezi kuisimulia bila kutaja vyumba vya gesi walimoua Wayahudi kwa halaiki. Tatizo ni kwamba mmoja wa wadhamini wa kipindi alikuwa chama cha kampuni za gesi, hii ya majiko ya nyumbani. Hawakutaka mtu atazame tangazo la jiko huku akikumbuka kambi za mauaji. Basi neno "gesi" likazimwa. Mwigizaji anafungua mdomo, unaona kabisa analitamka, lakini sauti haipo.

Ukitaka kucheka, cheka. Ila kumbuka kwamba neno hilo lilizimwa kwa ajili ya jiko, miaka 14 tu baada ya kambi zile kukombolewa.

Miezi mitano na nusu baadaye, tarehe 2 Oktoba 1959, kituo hichohicho kilianza kurusha mfululizo mpya wa hadithi za kubuni za kisayansi na za ajabu ajabu, ukiitwa The Twilight Zone. Ulidumu misimu mitano, sehemu 156, hadi Juni 1964. Ndani yake kulikuwa na ubaguzi wa rangi, hofu ya Wakomunisti, bomu la nyuklia, udikteta, mashine zinazofukuza watu kazini. Yaani karibu kila kitu ambacho wadhamini hawakutaka kukisikia. Na ulipita.

Iliwezekanaje? Jibu la haraka ni kwamba ilikuwa hadithi ya roboti na viumbe wa sayari nyingine, kwa hiyo wenye pesa hawakuelewa. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Ningependa tuangalie pamoja mbinu yenyewe ilivyofanya kazi, halafu tuulize swali ambalo mashabiki hatulipendi sana: mbinu hii iligharimu nini, na nani aliilipia?

Kijana aliyechoka kukatwa

Rod Serling alizaliwa tarehe 25 Desemba 1924 huko Syracuse, jimbo la New York, katika familia ya Kiyahudi, akakulia mji mdogo wa Binghamton. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa askari wa miavuli, akapigana Ufilipino, akarudi na majeraha mwilini na mengine ya kichwani ambayo hayakupona haraka. Katikati ya miaka ya 1950 alikuwa tayari mmoja wa waandishi wakubwa wa tamthilia za televisheni.

Lazima uelewe jinsi televisheni ya wakati ule ilivyolipiwa. Leo tumezoea kampuni kununua sekunde 30 za tangazo. Zamani zile mara nyingi kampuni moja au mbili zilidhamini kipindi kizima, na jina la kampuni likawa sehemu ya jina la kipindi. Aliyelipa alisoma hati mapema. Akiona neno linaloweza kumuudhi mteja hata mmoja, linafutwa. Serling alisimulia jinsi mhusika wake alivyokatazwa kuomba kiberiti, kwa sababu mdhamini alikuwa anauza vibiriti vya gesi. Hayo ni ya kuchekesha. Yanayofuata hayachekeshi.

Agosti 1955, Emmett Till, mvulana Mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, alikwenda kutembelea ndugu zake Mississippi. Usiku wa tarehe 28 alichukuliwa kwa nguvu nyumbani kwa mjomba wa mama yake, akateswa, akauawa, mwili ukatupwa mtoni. Sababu iliyotajwa: eti alimkosea adabu mwanamke Mzungu dukani. Wanaume wawili Wazungu walishtakiwa. Baraza la wazee wa mahakama, wote Wazungu, wote wanaume, lilijadiliana kwa muda wa saa moja na dakika chache tu, likawaachia. Miezi michache baadaye wanaume hao walilieleza jarida moja, kwa malipo, jinsi walivyomuua. Sheria haikuruhusu washtakiwe tena kwa kosa hilohilo.

Serling alitaka kuandika juu ya mji unaomficha muuaji. Tazama alivyoanza kurudi nyuma kabla hajasukumwa: alijua mvulana Mweusi hatapita, kwa hiyo yeye mwenyewe alimgeuza marehemu kuwa mzee Myahudi mwenye duka la kuweka rehani, huko Kusini. Haikutosha. Habari zilipovuja kwamba ni kisa cha Till, makundi ya Wazungu wa Kusini waliotetea ubaguzi yakaanza kutishia kususia bidhaa za mdhamini. Tamthilia ilirushwa Aprili 1956 kwa jina la Noon on Doomsday. Kufikia hapo Kusini kulikuwa kumehamishiwa New England, kaskazini kabisa. Marehemu alikuwa mgeni asiyejulikana anatoka wapi. Hata chupa za Coca-Cola ziliondolewa jukwaani, kwa kuwa kinywaji hicho kilihusishwa na Kusini.

Akajaribu tena mwaka 1958, kwa tamthilia ya A Town Has Turned to Dust. Safari hii marehemu akawa Mmeksiko na kisa kikarudishwa nyuma hadi karne ya 19. Ukiiona bila kuelezwa, huwezi kujua kwamba ilizaliwa Mississippi mwaka 1955.

Roboti kwenye Seneti

Kuna jambo jingine lililompata mwaka 1956, na nadhani ndipo wazo lilipoota. Aliandika tamthilia kuhusu Seneti ya Marekani. Akaambiwa maseneta wake wasijadili suala lolote linalojadiliwa na maseneta wa kweli. Hebu fikiria: bunge zima linabishana kwa hasira, na mtazamaji haruhusiwi kujua linabishana juu ya nini. Mwaka uliofuata Serling aliandika kwamba ingekuwa heri angeipeleka hadithi hiyo hadi mwaka 2057 na kuijaza Seneti roboti. Hapo angesema alichotaka.

Ilisemwa kama mzaha wa mtu aliyechoka. Miaka miwili baadaye ikawa kazi yake.

Na kinaya cha kwanza cha The Twilight Zone kilitokea kabla sehemu ya kwanza haijaonekana. Septemba 1959 Serling alihojiwa na mwandishi wa habari Mike Wallace, aliyembana: je, sasa umeamua kuacha kuandika mambo mazito? Serling akajibu kwa utulivu kwamba hizi ni hadithi za nusu saa, hazikusudiwi kuikosoa jamii, ni burudani tu. Alisema hivyo mbele ya kamera, sigara mkononi. Kwa lugha yetu tungesema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalifumbua.

Mtaa wa Maple, Jumamosi jioni

Kama ulisoma fasihi sekondari utakumbuka kinaya: linalotokea ni kinyume cha lililotarajiwa, au linalosemwa ni kinyume cha linalomaanishwa. Walimu hutufundisha kukitambua na kukiwekea alama kwenye mtihani. Serling alikitumia kama mtego, na mfano bora ni The Monsters Are Due on Maple Street, iliyorushwa tarehe 4 Machi 1960.

Mtaa ni wa kawaida kabisa. Watoto wanacheza, mtu anaosha gari, muuza aiskrimu anapita. Kitu kinanguruma na kumulika angani. Umeme unakatika, simu zinakufa, magari hayawaki. Kijana mmoja, Tommy, anawaambia watu wazima alichosoma kwenye vitabu vya katuni: viumbe wa anga za mbali wakitaka kuvamia, kwanza hutuma familia inayofanana na binadamu ikaishi miongoni mwa watu. Watu wazima wanacheka. Mara gari la jirani mmoja, Les Goodman, linawaka lenyewe.

Kicheko kinakatika. Mama mmoja anakumbuka kwamba Goodman huwa anasimama nje usiku akitazama angani. Goodman anajitetea: hapati usingizi, basi. Lakini kila maelezo sasa yanasikika kama kukiri kosa. Giza linaingia, mtu anakuja akitembea gizani, jamaa aitwaye Charlie anampiga risasi. Kumbe ni jirani yao, aliyekuwa amekwenda kuangalia mtaa wa pili. Taa za nyumba ya Charlie zinawaka. Zamu yake. Charlie, akitetea roho yake, anamnyooshea kidole Tommy, mtoto. Mwishoni mtaa mzima unakimbizana na kupigana mawe, taa zikiwaka na kuzimika ovyo.

Halafu kamera inapanda kilimani. Wapo viumbe wawili wa anga za mbali, na kifaa kidogo cha kuwashia na kuzimia umeme. Mmoja anamwelekeza mwenzake: wazimie mashine zao chache, kisha kaa utazame. Adui wao wanamtafuta wenyewe, na kila mara humpata kati yao. Mitaa kama huo imejaa duniani.

Mmarekani wa mwaka 1960 hakuhitaji kuelezwa. Kuanzia 1950 seneta Joseph McCarthy alikuwa ametikisa nchi kwa madai ya Wakomunisti waliojificha serikalini. Seneti ilimkemea rasmi Desemba 1954 naye akafa 1957, lakini watu wengi walikuwa wameshapoteza kazi, wakiwemo waandishi na waigizaji walioingizwa kwenye orodha za kutoajiriwa. Kutazama angani usiku, kusoma kitabu fulani, kuwa na rafiki fulani: yote yaligeuka ushahidi.

Sasa chukua kalamu nyekundu ya mdhamini. Unakata nini? Hakuna Mkomunisti aliyetajwa, wala chama, wala jimbo, wala rangi ya mtu. Ukikata neno "mashetani" au "anga", lawama bado ipo. Lawama haikuwekwa katika sentensi yoyote. Imekaa katika mpangilio wa matukio, hasa katika mpangilio wa wewe unajua nini na unakijua lini. Mkataji maneno amefunzwa kutafuta maneno. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya mbinu.

Nusu ya pili inakuhusu wewe. Gari la Goodman linapowaka, hebu sema ukweli: na wewe si ulijiuliza kwa nini lake? Ulikuwa umekaa salama kwenye kochi, ukiwahukumu watu wa Maple Street, na kumbe umeshaingia mtaani kwao. Hotuba ya kupinga chuki ingekuacha upande wa wema tangu mwanzo, na kule kila mtu anajisikia vizuri. Kinaya kinakuacha uhukumu kwanza, kisha kinakuonyesha uliyemhukumu. Nyani haoni kundule. Serling alikuwa anatengeneza vioo.

Angalia pia jambo ambalo huwa linapita bila kuonekana. Tommy alikuwa sahihi! Wavamizi kweli walikuwepo. Serling angeweza kumaliza kwa kutuambia hakukuwa na chochote, na sisi tungesema, "Maskini, walikosea." Badala yake anakubali kwamba hatari ya nje ni ya kweli, halafu anaonyesha kwamba hatari hiyo ilifanya kazi ndogo mno. Ilizima taa. Risasi ilipigwa na jirani. Kwa nchi iliyokuwa na adui wa kweli mwenye silaha za nyuklia za kweli, hoja hiyo ilikuwa nzito kuliko kusema adui hayupo.

Kinaya kinachouma na kinachoburudisha

Si sehemu zote zina uzito sawa, na kuzitofautisha kunasaidia.

Tarehe 25 Julai 1961, wakati wa mgogoro wa Berlin, Rais Kennedy alihutubia taifa na kuomba fedha za kujenga makimbilio ya kujikinga na mlipuko wa nyuklia. Wamarekani wakaanza kuulizana swali baya: mwenye handaki nyumbani ana wajibu gani kwa jirani asiye nalo? Tarehe 29 Septemba 1961 ikarushwa The Shelter. Daktari anasherehekea siku yake ya kuzaliwa na majirani wanaompenda. Redio inatangaza vitu visivyojulikana vinakuja angani. Daktari anajifungia chini na mke na mtoto. Handaki linatosha watu watatu. Majirani wanabembeleza, wanagombana nani anastahili zaidi, mmoja anamtukana mwenzake kwa kuwa ni mhamiaji, na mwishowe wanavunja mlango. Ukivunjwa, haumfai mtu yeyote tena. Ndipo redio inatangaza kwamba vilikuwa setilaiti tu. Wanapendekeza wafanye sherehe mtaani kulipia hasara. Daktari anauliza kama ni mlango pekee uliovunjika. Hapa hakuna mshindi, na mtazamaji hana pa kujificha, kwa sababu hajui yeye angefanya nini.

Linganisha na The Brain Center at Whipple's ya Mei 1964. Mwenye kiwanda, Bwana Whipple, anafukuza wafanyakazi wake na kuweka mashine, akijisifu kwa takwimu za akiba. Mwishoni na yeye anafukuzwa, na kwenye kiti chake anakaa roboti. Ni hadithi tamu, na kwetu tunaosoma habari za akili mnemba kila asubuhi inavutia kuirudia. Lakini ijaribu na mtu yeyote: atacheka, atasema, "Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu," na atalala vizuri. Aliyekosea ni mwingine, ameshaadhibiwa, kesi imefungwa. Zaidi ya hapo, adhabu yenyewe ni ya kubuni, kwa maana anayeamua kununua mashine kwa kawaida si wa kwanza kupoteza kiti. Kinaya cha namna hii kinatulipa kwa mawazo deni ambalo maisha hayajalipa.

Kwa hiyo ukitaka kupima sehemu yoyote, uliza kinaya kinaangukia wapi. Kikimwangukia mhusika peke yake, umeburudika. Kikikuangukia wewe, umekosolewa.

Nyuso zilizofunikwa

Sasa lile swali la gharama.

Sehemu inayosifiwa sana kuhusu ubaguzi ni Eye of the Beholder, ya tarehe 11 Novemba 1960. Mwanamke aitwaye Janet Tyler yuko hospitalini, uso wote umefungwa bendeji. Amefanyiwa matibabu mara 11 ili afanane na watu wengine. Ikishindikana, atapelekwa kuishi kwenye kijiji cha wenye sura kama yake. Karibu muda wote hatuoni uso wa mtu: madaktari na wauguzi wako kivulini, wamegeuza mgongo, mwanga unatoka nyuma yao. Kwenye skrini ukutani kiongozi wa nchi anahubiri kwamba wote lazima wafanane. Bendeji zinafunguliwa. Janet ni mrembo kwa macho yetu. Madaktari wanarudi nyuma kwa kinyaa, taa zinawaka, na tunaona nyuso zao: zimepinda, pua kama za nguruwe. Iliyoshindikana ni operesheni.

Ni kazi nzuri sana, na ilirushwa katika nchi ambayo majimbo mengi bado yalitenga shule, mabasi na hospitali kwa rangi. Lakini tazama uso uliotolewa kwenye bendeji ni wa nani: mwanamke Mzungu mwenye nywele za dhahabu. Hadithi kuhusu watu kutengwa kwa sababu ya sura ilisimuliwa bila sura moja ya wale waliokuwa wanatengwa.

Weka hilo kando ya jambo alilofanya Mamie Till, mama yake Emmett, Septemba 1955. Mwili wa mwanawe uliporudishwa Chicago, uso ulikuwa umeharibiwa kiasi cha kutotambulika. Alikataa jeneza lifungwe. Alitaka dunia ione. Maelfu ya watu walipita mbele ya jeneza lile, picha zikachapishwa na jarida la Jet, na watu wengi walioshiriki harakati za haki za raia baadaye walisema picha hizo ndizo zilizowaamsha. Mama yule hakutumia fumbo. Alifunua.

Televisheni ya taifa, kwa kisa hichohicho, ilifunika: Myahudi, mgeni, Mmeksiko, kisha viumbe wa anga. Kila hatua ilimsogeza Emmett mbali zaidi na hadithi iliyoanza kwa kifo chake. Kinaya kilimpitisha mwandishi getini, lakini marehemu akabaki nje.

Simlaumu Serling kirahisi. Alijua. Aprili 1960 alitoa The Big Tall Wish, kisa cha bondia na mtoto, ambamo karibu waigizaji wote wakuu ni Weusi na hadithi haiwi darasa la ubaguzi. Ni watu tu, na matumaini yao. Kwa televisheni ya wakati ule hilo lilikuwa nadra. Machi 1964, miezi minne baada ya Kennedy kuuawa, akaandika I Am the Night—Color Me Black. Jua halichomozi katika mji mdogo siku mtu anaponyongwa huku umati ukishangilia, na redio inataja mahali pengine palipoingia giza: mtaa mmoja wa Dallas, ukuta wa Berlin, Birmingham ya Alabama. Mchungaji Mweusi ndiye anayesema giza hilo ni chuki. Kama mchezo, wengi huiona dhaifu, inahubiri mno. Nadhani ni kweli. Lakini soma tena orodha ile: Birmingham, ambako Septemba 1963 bomu liliua wasichana wanne Weusi kanisani. Miaka minane baada ya kuondolewa chupa za soda jukwaani, Serling alilitaja jimbo la Kusini kwa jina lake. Alipoteza kinaya, akapata jina.

Neno letu kwenye chombo cha anga

Miaka miwili baadaye mfululizo mwingine ulijaribu njia zote mbili kwa pamoja, na hapa Kiswahili kinaingia chenyewe bila kualikwa. Star Trek ilianza tarehe 8 Septemba 1966, na afisa wa mawasiliano wa chombo alikuwa mwanamke Mweusi, Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Nichols alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa na riwaya ya Robert Ruark kuhusu Kenya, iitwayo Uhuru. Neno likabadilishwa herufi ya mwisho, likawa jina. Katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, kiumbe anayekula chumvi za miili ya watu anajigeuza mwanaume na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili ili amnase. Kwa hiyo lugha yetu iliingia kwenye Star Trek siku ya kwanza, kama chambo!

Tarehe 10 Januari 1969, miezi tisa baada ya Martin Luther King kuuawa, mfululizo huo ulirusha Let That Be Your Last Battlefield. Wageni wawili kutoka sayari ya Cheron wanachukiana hadi kufa. Mmoja ni mweusi upande wa kulia na mweupe kushoto. Mwingine ni kinyume chake. Kapteni hata hakuwa ameiona tofauti hiyo mpaka alipoonyeshwa. Wanafika kwao na kukuta sayari nzima imeshakufa kwa vita hiyo, na bado wanakimbizana. Kinaya kiko wazi kama mchana. Lakini kina kasoro ya hatari: kinafanya pande mbili ziwe sawasawa, kama vile chuki ya anayekanyaga na hasira ya anayekanyagwa ni upuuzi wa aina moja.

Katika chombo hichohicho kulikuwa na Uhura. Nichols alisimulia kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha kazi, kwa kuwa mistari yake ilikuwa michache, na kwamba King mwenyewe ndiye aliyemsihi abaki: watazamaji walikuwa wanamwona mwanamke Mweusi akifanya kazi yake kama mtu sawa na wengine, karne kadhaa mbele, na hakuna anayeshangaa. Hapakuwa na fumbo la kufumbua. Uso wake ulionekana, basi.

Mbinu zote mbili zilihitajika, lakini hazifanyi kazi moja. Kinaya kinamshughulikia anayetazama: kinamkamata akiwa amejiamini. Hakiwezi kumrudishia nafasi aliyefutwa. Hiyo ilihitaji mama aliyekataa kufunga jeneza, na mwigizaji aliyebaki kwenye kiti chake. Sheria ya shirikisho inayofanya mauaji ya genge la chuki kuwa kosa maalumu, yenye jina la Emmett Till, ilitiwa saini tarehe 29 Machi 2022. Serling, aliyefariki Juni 1975 akiwa na miaka 50, hakuiona.

Ukipata nusu saa wiki hii, itazame Maple Street. Tayari nimeshakuharibia mwisho, lakini haijalishi. Usisubiri kile kilima. Subiri gari la Goodman liwake, halafu jiangalie mwenyewe, uone itakuchukua sekunde ngapi.